Nguo, kofia au mafuta ya jua: kipi kitangulie kwa mwenye ualbino hapa Mwanza

Swali ninaloulizwa zaidi na wazazi wenzangu ni hili: hela ikiwa ndogo, nimnunulie mtoto mafuta ya jua au nimshonee nguo? Likijibiwa hilo yanafuata mengine. Mafuta yenyewe yawe yale mazito ya zinki au yale mepesi yasiyobaki meupe? Namba 30 inatosha, au nisubiri nipate ya 50? Kofia ya pama ni lazima, au kapelo inatosha?

Ninamlea mpwa wangu mwenye ualbino, binti wa dada yangu, hapa Ilemela. Kwa ajili yake nimesoma tafiti nilizoweza kuzipata na kuwauliza wauguzi wa ngozi maswali mpaka wakanizoea. Ninachoandika hapa ni ulinganisho wa kumsaidia mtu kuchagua, na msimamo wangu sitauficha: nguo na kofia kwanza, mafuta baada yake, mwavuli mwisho.

Kinachokosekana kwenye ngozi

Ngozi ya kila binadamu ina chembe hai zinazotengeneza rangi, ziitwazo melanosaiti. Idadi yake haitofautiani sana kati ya Msukuma mweusi tii na Mzungu. Kinachotofautiana ni wingi na aina ya rangi, yaani melanini, na namna inavyogawiwa kwa chembe jirani. Melanini hupakiwa kwenye vifuko vidogo sana, vifuko hivyo huhamishiwa kwenye chembe za tabaka la juu la ngozi, na humo hujikusanya juu ya kiini, upande ule unaotazama jua. Ndani ya kiini ndimo vinasaba vilimo. Mionzi ikishuka, inakutana na melanini kabla ya kuvifikia.

Mtu mwenye ualbino anazo melanosaiti hizo hizo, na ziko mahali pake. Ila kiwanda hakizalishi, au kinazalisha kidogo mno.

Aina iliyoenea zaidi kwetu inatokana na hitilafu kwenye jeni iitwayo OCA2, iliyoko katika kromosomu ya 15. Kwa Waafrika wengi wenye aina hii, jeni hiyo imekatika kipande cha herufi za kinasaba zipatazo 2,700. Protini yake husaidia kuweka sawa hali ya uasidi ndani ya vile vifuko vya rangi. Isipokuwepo, kimeng'enya kiitwacho tairosinesi, ambacho ndicho huanzisha utengenezaji wa melanini, kinashindwa kufanya kazi yake ipasavyo. Hapo ndipo unapopata maelezo ya nywele. Nywele za mpwa wangu ni za manjano, si nyeupe pe, kwa sababu ile melanini ya rangi ya njano na nyekundu hutoka kidogo. Ile ya kahawia na nyeusi, yenye kinga ya kweli, ndiyo haitoki. Kwa hiyo mtu asidanganyike kwamba nywele zikiwa na rangi kidogo basi ngozi nayo ina nafuu. Wala vile vidoa vya kahawia vinavyojitokeza mashavuni na mikononi kadiri mtoto anavyokua si dalili kwamba ngozi imezoea jua. Vinaonyesha mahali lilipompiga sana.

Tukumbuke pia kwamba hali hii hurithiwa kwa baba na mama wote wawili. Kila mmoja anaweza kuwa amebeba nakala moja yenye hitilafu bila kuonekana lolote, na katika kila mimba yao kuna uwezekano wa 1 kati ya 4 kupata mtoto mwenye ualbino. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 1985 yaliweka Tanzania kwenye mtu 1 katika kila watu 1,400 hivi, kiwango cha juu sana ukilinganisha na nchi nyingi. Kwa hiyo suala hili si la familia mbili tatu.

Kuna kipimo kingine kinachonisaidia kuwaeleza ndugu. Tafiti zinakadiria kwamba ngozi nyeusi ina kinga ya asili inayolingana na mafuta ya SPF 13 hivi (SPF ni ile namba ya kinga iliyoandikwa kwenye chupa), na ngozi nyeupe ya Kizungu 3 hivi. Sisi tunaoishi na watoto wetu hawa tunatembea na hiyo 13 tangu kuzaliwa. Ndiyo maana tunaona "jua leo si kali" wakati mtoto ameshaungua. Hisia za mlezi mweusi hazifai kuwa kipimo cha jua la mtoto mwenye ualbino.

Jua la Mwanza na saa zake

Mwanza iko nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta, na maji ya ziwa yapo mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, mionzi ya jua inayounguza ngozi, iitwayo urujuanimno au UV, huongezeka kwa asilimia 10 hivi. Maana yake hata tukiwa ufukweni, tuko mlimani ukilinganisha na Dar es Salaam au Tanga. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua linapita utosini kabisa.

Halafu kuna suala la saa, ambalo sijaona likisemwa popote kwenye vipeperushi. Saa yetu ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo ya 45, na Mwanza iko karibu na 33. Kwa hiyo jua halifiki kileleni saa sita kamili hapa kwetu. Linafika kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana, kutegemea mwezi. Ni saa ile ile ambayo watoto wa shule wanatoka kwenda kula. Na jua la saa kumi jioni hapa Mwanza bado lina nguvu kuliko la saa kumi Dar, kwa sababu huku siku inachelewa. Anayefuata ushauri wa "kaa ndani saa sita mpaka saa nane" anamwachia mtoto saa nyingi mbaya. Mimi nahesabu saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, na pasipo na saa natumia kivuli: kivuli cha mtoto kikiwa kifupi kuliko mtoto mwenyewe, jua ni la hatari.

Watu wengi wa huku wanalaumu maji. "Ziwa linarudisha jua." Kwa kweli maji yaliyotulia hurudisha chini ya asilimia 10 ya mionzi hii, sawa na majani au udongo, na mchanga mkavu hurudisha asilimia 15 hivi. Kinachoumiza ziwani ni uwazi. Huko hakuna mti wala ukuta, na mionzi inatoka kwenye anga lote, si kwenye duara la jua peke yake. Mawingu membamba nayo huipitisha sehemu kubwa. Na kuingia ndani ya maji si kujificha: nusu mita chini, bado kuna asilimia 40 ya mionzi iliyoko juu.

Nguo dhidi ya mafuta

Sasa kwenye uamuzi wenyewe. Mafuta ya jua yana ushahidi mzuri. Kule Nambour, Queensland nchini Australia, kuanzia mwaka 1992 watafiti waliwafuatilia watu 1,621 kwa miaka zaidi ya minne. Waliopangiwa kupaka kila siku walipata saratani za ngozi za aina ya skwamasi chache kwa asilimia 40 hivi kuliko wale walioachwa wapake wapendavyo. Washiriki hawakuwa watu wenye ualbino, lakini aina hiyo ya saratani ndiyo inayowashambulia zaidi watu wenye ualbino Afrika, hasa kichwani na shingoni. Kwa hiyo sisemi hata kidogo kwamba mafuta ni ya kupuuzwa.

Tatizo lake ni kiasi. Namba iliyoandikwa kwenye chupa hupimwa maabara kwa kupaka miligramu 2 kwenye kila sentimita moja ya mraba ya ngozi. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba watu katika maisha ya kawaida hupaka nusu ya hapo, au robo. Ukipaka robo, ile SPF 50 uliyolipia hukuipata.

Tupige hesabu ya mtu mzima. Uso, masikio na shingo vinahitaji kijiko kimoja cha chai kilichojaa. Kila mkono, kuanzia begani, kijiko kimoja. Kila mguu kuanzia gotini kwenda chini, kijiko kimoja. Aliyevaa fulana ya mikono mifupi na kaptula anatumia vijiko vitano, yaani mililita 25 hivi. Na kwa kuwa mafuta hurudiwa kila baada ya saa mbili akiwa nje, hata akipaka mara mbili tu anamaliza mililita 50. Chupa ya mililita 100 imekwisha kwa siku mbili.

Mtu yule yule avae mikono mirefu na suruali. Kinachobaki wazi ni uso, masikio, shingo na viganja kwa upande wa nje: kijiko kimoja na nusu. Mara mbili kwa siku ni mililita 15. Chupa ile ile imekwenda siku sita mpaka saba.

Hapa ndipo uamuzi wangu unaposimama. Nguo ndefu inafanya mafuta yawezekane. Bila nguo, familia ya kawaida ya Igoma au Buswelu haiwezi kununua mafuta ya kutosha, na matokeo yake ni kupaka kidogo kidogo kila mahali na kuamini mtoto amekingwa. Pia nguo haifutiki kwa jasho, haiishi saa saba mchana, na mtoto hawezi kuisahau nyumbani kirahisi.

Nguo gani sasa

Si kila nguo ndefu ni kinga. Fulana nyeupe nyepesi ya pamba ina kinga ya 5 hadi 7 hivi kwenye kipimo cha vitambaa kiitwacho UPF. Ikilowa, inashuka mpaka 3. Jinzi nene ya rangi ya bluu iliyokolea imepimwa ikapita 1,000. Tofauti ni kubwa kiasi hicho. Kinachoamua zaidi ni jinsi nyuzi zilivyobanana, kisha rangi iliyokolea, kisha uzito. Nguo inayonyooka ikavutika, kama sweta la shule lililochoka, hufungua matundu na mionzi inapita. Mtumba wa jinzi au khaki uliofuliwa mara nyingi bila kuchakaa hauna shida. Mara nyingi kitambaa cha pamba hujibana zaidi baada ya kufuliwa.

Huhitaji mashine ya kupima kitambaa. Nilikuwa Makoroboi kutafuta kitambaa cha shati la shule, muuzaji akanitolea tetroni nyeupe. "Dada, hii ndiyo wanayonunua wote. Nyepesi, mtoto hatasikia joto." Nikaiinua kuelekea mlangoni, mkono ukiwa nyuma yake. Nikaviona vidole vyote vitano, na pete. Nikamwomba nyingine nzito, mkono ukabaki kivuli kisicho na vidole. Nikamwuliza kama ana ya kufumwa kwa kubana zaidi, akashusha roli ya chini kabisa, weupe wake wa maziwa, na nilipoiinua sikuona kitu. Bei ilizidi kidogo. Hiyo ndiyo niliyochukua. "Kumbe unatazama mwanga," akasema, na akaanza kuinua na nyingine yeye mwenyewe ili aone.

Khanga nyepesi iliyopauka, kwa kipimo hicho cha mlangoni, mara nyingi hushindwa. Kitenge kizito cha rangi iliyokolea hufanya vizuri. Kwa hiyo mama anayembeba mtoto mgongoni kwenda sokoni amfunike kwa kitenge badala ya khanga, au khanga ikunjwe mara mbili.

Suala la sare linahitaji mazungumzo. Shati jeupe la mikono mifupi limo kwenye kanuni za shule nyingi. Nenda kwa mwalimu mkuu mapema, kabla ya muhula, ukiwa na maelezo mafupi ya muuguzi au daktari, uombe mikono mirefu, suruali au sketi ndefu, na kofia mstarini na uwanjani. Kwetu mwalimu alikubali siku hiyo hiyo, na akamhamisha mtoto kutoka dawati la dirishani kwenda mbele. Hilo lilikuwa na faida mbili: watoto wengi wenye ualbino hawaoni ubao vizuri, na kioo cha dirisha huzuia sehemu kubwa ya mionzi ya UVB, ile inayounguza ngozi kwa juu, lakini huachia sehemu kubwa ya UVA, inayozama zaidi ndani ya ngozi.

Pama na kapelo

Hapa sina haja ya maneno mengi. Kapelo hukinga paji la uso na pua. Masikio, shingo na sehemu kubwa ya mashavu huachwa, na hayo ndiyo maeneo ambako saratani hizi huanzia sana. Pama yenye ukingo wa sentimita 7.5 au zaidi, yaani upana wa vidole vinne, ilipimwa na watafiti wa Uingereza mwaka 1992: pua ilipata kinga ya 7 hivi, shingo 5, mashavu 3, kidevu 2. Angalia namba hizo vizuri. Pama inashinda kapelo kwa mbali, lakini mashavu na kidevu bado vinadai mafuta. Kijiko chako cha chai kianzie huko, na kwenye midomo.

Kofia ya ukindu iliyosukwa kwa kuachana huruhusu vitone vya mwanga usoni. Ijaribu kwa kuishika juu ya karatasi juani; ukiona vitone, ishonee kitambaa kwa ndani.

Mwavuli

Mwavuli ni mzuri kwa mwendo mfupi kutoka kituo cha daladala mpaka nyumbani. Kuutegemea kwa kutwa ni hatari. Agosti 2014, kando ya ziwa huko Texas, Marekani, watafiti waliwakalisha watu 81 nje kwa saa tatu na nusu karibu na adhuhuri. Nusu yao walikaa chini ya mwavuli wa ufukweni, nusu walipaka mafuta ya SPF 100. Kesho yake, asilimia 78 ya waliokuwa chini ya mwavuli walikuwa wameungua mahali fulani mwilini. Wa mafuta walikuwa asilimia 25. Watu wote hao walikuwa na uangalizi na bado hakuna kundi lililosalimika. Mwavuli huziba jua la juu, na anga la pembeni linaendelea kupiga. Mama muuza dagaa pale mwaloni Kirumba anayekaa chini ya mwavuli kutwa nzima anahitaji mikono mirefu na pama chini ya mwavuli huo huo.

Mafuta ya zinki na mafuta mepesi

Mafuta ya jua yapo ya makundi mawili, na mengine huchanganya yote. Kundi la kwanza hutumia madini: oksidi ya zinki au dioksidi ya titani. La pili hutumia kemikali za kaboni, kama avobenzoni na oktokrileni. Dukani utaambiwa kwamba ya madini "yanarudisha jua kama kioo" na ya kemikali "yananyonya". Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba madini nayo hufanya kazi zaidi kwa kunyonya mionzi. Yanayorudishwa ni asilimia 4 hadi 5 tu. Kwa hiyo usichague kwa sababu ya hadithi ya kioo.

Chagua kwa haya. Zinki hufunika eneo pana la mionzi, UVB na UVA pamoja, kuliko titani. Haichonyoti sana macho, jambo kubwa kwa watoto ambao tayari mwanga unawasumbua na wanayafikicha macho mara kwa mara. Haiharibiwi na jua upesi. Ubaya wake ni uzito na weupe unaobaki. Watu weusi wanaukataa weupe huo kwa sababu unawafanya waonekane kama wamepakwa majivu, ila kwa ngozi ya mtoto mwenye ualbino hauonekani sana, kwa hiyo kigezo hicho hakimhusu. Nashangaa wauzaji wanavyokipa uzito mbele ya mama aliyekuja na mtoto wake.

Mafuta ya kemikali ni mepesi, huenea haraka, na kijana wa sekondari atakubali kuyapaka bila kusukumwa. Hilo si jambo dogo, kwa sababu mafuta bora ni yale yatakayopakwa. Avobenzoni peke yake huvunjika juani, ndiyo maana watengenezaji makini huichanganya na kemikali ya kuishikilia kama oktokrileni. Kuhusu usalama: mwaka 2020 watafiti wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, walichapisha jaribio la watu 48 likionyesha kwamba kemikali 6 za aina hii huingia kwenye damu kwa kiwango kinachodai uchunguzi zaidi. Hawakusema zinadhuru, na waliwaambia watu waendelee kujikinga. Kwa mtu mwenye ualbino, hatari ya saratani ya jua inajulikana na ni kubwa. Kama yaliyopo ni ya kemikali tu, yapakwe. Kama unaweza kuchagua, kwa mtoto mdogo chukua ya zinki.

Namba: SPF 15 huzuia asilimia 93 hivi ya mionzi ya UVB, 30 huzuia 97, 50 huzuia 98. Wengi huishia hapo na kusema 30 na 50 ni sawa. Geuza hesabu utazame kinachopita: 30 inapitisha sehemu 1 katika 30, na 50 sehemu 1 katika 50. Kwa ngozi isiyo na kinga ya asili, inayopigwa na jua la ikweta mwaka mzima, tofauti hiyo inajikusanya. Nikipata 50 nachukua 50. Nikipata 30 ya kutosha kupaka vizuri, na 50 ya kupaka kwa kubania, nachukua 30. Kitu kimoja sikubali kukikosa kwenye chupa: alama kwamba inakinga UVA pia, mara nyingi herufi hizo tatu zikiwa ndani ya duara. SPF peke yake huzungumzia hasa UVB.

Tazama na tarehe ya kuisha. Chupa iliyokaa juani kwenye meza ya machinga au kwenye dashibodi ya gari imeshapoteza ubora hata kama tarehe bado.

Kabla ya kununua, uliza kuhusu Kilisun. Ni mafuta yanayotengenezwa Moshi, pale hospitali ya KCMC, kwa ajili ya watu wenye ualbino, na hugawiwa bure kupitia kliniki. Chama cha Watu Wenye Ualbino katika wilaya yako, au kliniki ya ngozi, watakueleza yanakofika.

Mafuta ya mgando, mafuta ya nazi, mafuta ya nyonyo: hulainisha ngozi, na ngozi kavu inayahitaji usiku. Kinga ya jua ya kutegemewa hayana. Yasiwekwe kabisa kwenye ulinganisho huu.

Nani achukue nini

Mtoto mchanga wa chini ya miezi 6: kivuli na nguo, mafuta ya jua yasubiri.

Mwanafunzi wa msingi: hela ya kwanza iende kwenye shati lililopimwa mlangoni na pama yenye kamba ya kidevuni, maana uwanjani kofia bila kamba hupeperuka na upepo wa ziwa. Hela ya pili iende kwenye mafuta ya zinki, yapakwe usoni, masikioni, shingoni na viganjani kabla ya kutoka, na yarudiwe saa sita kabla ya kutoka kwenda kula. Mwalimu mmoja akiombwa kumkumbusha, inawezekana.

Kijana wa sekondari au chuo: mwachie achague mafuta mepesi ayapendayo, ila mikono mirefu isijadiliwe.

Anayesafiri kwa boti kwenda Ukerewe au visiwani: akae ndani, mbali na dirisha, na avae jinzi na kitambaa kilichobana. Shati likilowa abadilishe, kwa sababu ile kinga ya 7 imeshakuwa 3.

Anayefanya kazi ya juani, mvuvi, mwanikaji wa dagaa, mkulima wa Sengerema au Magu: hapa ulinganisho wa bidhaa hautoshi. Badilisha saa kwanza. Dagaa wanaweza kutandazwa asubuhi mapema na kukusanywa jioni, na kazi ya katikati, ya kugeuza, ifanywe na mwingine katika familia. Ikishindikana, basi vyote kwa pamoja: khaki ya mikono mirefu, pama, kitambaa cha shingo, na mafuta ya SPF 50 usoni, midomoni na viganjani kila baada ya saa mbili.

Na kwa wote hao, awe amekingwa vizuri au vibaya, ngozi ikaguliwe angalau mara mbili kwa mwaka na mtaalamu, na nyumbani kila mwezi, mwangani, kuanzia utosini, nyuma ya masikio, mpaka mdomo wa chini. Gamba gumu lisilotoka likigunduliwa mapema, huondolewa kliniki kwa kugandishwa na naitrojeni ya kimiminika kwa sekunde chache, na mtu anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kidonda kisichopona kwa wiki 4, au kinachopona na kurudi pale pale, kisisubiri kliniki ya kijijini ya mwezi ujao. Chukua rufaa uende hospitali ya Bugando.